Vumbi Kwenye Sufuria la Bibi wa Chini

Siku ya kwanza kupanda ngazi za nyumba ile nilikuwa nimebeba kanuni ya watu, ile ala ya nyuzi ya taarabu, na nusura niibamize ukutani mara tatu. Ngazi za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazikujengwa kwa ajili ya mtu mwenye mzigo mpana. Ni nyembamba, zimesimama wima, na kila kipandio kina kimo chake: kimoja kinakufika muundini, kinachofuata kinakutaka unyanyue goti kama unaruka mtaro. Mwalimu wetu, ambaye sote tulimwita Maalim, alisimama juu akinimulikia kwa tochi ya simu.

"Pole pole, bwana. Ukianguka wewe utapona. Hiyo haiponi."

Nyumba yenyewe sitoitaja. Wanaoiendesha ni watu wenye nia njema, baadhi yao tunasali msikiti mmoja, na mambo nitakayoyasema hapa mengine ni ya aibu, sehemu kubwa aibu yangu mimi. Inatosha kusema iko ndani huko, kwenye vichochoro ambavyo gari haiingii. Ina mlango wa kuchonga ambao bawa lake moja halifunguki tena, na ghorofani kuna madarasa: udi na kanuni Jumanne, fidla Jumatano, ngoma na kidumbak, taarabu ya mtaani ya kuchezea, Alhamisi, na Jumamosi asubuhi kushona kofia na kuandika khati. Chini wanaishi wapangaji. Mmoja wao ni bibi mmoja tuliyezoea kumwita Bibi wa Chini.

Mimi kazi yangu ni kuuza vifaa vya ujenzi. Saruji, nondo, misumari, rangi, mabomba. Nilijiunga na darasa nikiwa na miaka 41, na nikisema ukweli, nilijiunga kwa wivu. Binti wa dada yangu, miaka 11, alipiga fidla kwenye harusi ya mtu wetu. Watu wakainuka kumtuza, noti zinamwagika, na yeye wala hatabasamu, anaangalia vidole vyake tu. Nikakaa pale na shati langu la pasi nikijiuliza: mimi najua kufanya nini, ukiacha kuhesabu mifuko?

Yeye ndiye aliyenipeleka. Akaniambia fidla nimeshachelewa, vidole vimekauka, bora nijaribu kanuni. Mtoto wa miaka 11 ananambia hivyo.

Chumba cha darasa ni kirefu kama hatua 15 na upana wake hatua 4. Tunakaa kwa safu kama abiria wa daladala. Niliishi miaka yote hiyo mjini bila ya kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za kale viko hivi, virefu na vyembamba, hata kwenye nyumba za matajiri. Jibu ni mti. Dari hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka vizuri haivuki sana mita 3. Ukitaka chumba kipana zaidi, huna mti wa kukivusha. Kwa hivyo tajiri, isipokuwa yule aliyeweza kuagiza mbao kutoka nje, alijenga chumba kirefu kadiri ya pesa zake, ila upana wake uliamuliwa na mkoko wa Rufiji.

Na ule mkoko bado unatuamulia sisi. Tukipiga bashrafu, muziki wa ala bila ya kuimba, sote pamoja, mwenye kanuni yuko mwisho huu, fidla ziko mwisho ule, na katikati kuna watu 9 na birika la chai. Fidla daima zinachelewa kidogo. Maalim aliacha kugombana nalo hilo, akahamia kwenye kina cha dirisha, ambacho kwa sababu ya unene wa ukuta kinamtosha mtu mzima kukaa na miguu yake, na kutoka pale katikati anatupigia mapigo kwa kiganja. Wageni wakituona wanadhani amekaa dirishani kwa raha zake.

Sasa hii kanuni. Ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja, kwa hivyo sauti 26. Kushoto kuna vigingi vya kukazia nyuzi. Kulia, daraja la nyuzi halikai juu ya ubao, linakaa juu ya vipande vya ngozi nyembamba, mara nyingi ya samaki, vilivyowambwa kama ngoma. Hapo ndipo pana utamu wake wote na matatizo yake yote. Hewa ikiwa na unyevu ngozi inalegea, daraja linazama kiasi cha unene wa ukucha, na nyuzi zote 78 zinashuka, na hazishuki sawa. Hewa ikikauka zinapanda. Mimi nilianza katikati ya masika.

Wiki 6 za mwanzo sikupiga wimbo hata mmoja. Nilikaa na ule ufunguo mdogo wa shaba, nakaza, nasikiliza, nalegeza, nasikiliza. Nikifika uzi wa mwisho namwita Maalim kwa fahari. Anainama, anapitisha ukucha juu ya nyuzi zote kuanzia chini.

"Umemaliza? Haya, anza tena. Zile za mwanzo zimeshashuka."

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki, akarudi akijua kupiga kanuni, na kutoka hapo ikaanza safari ya taarabu yetu mpaka kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905. Habari hii nilikuwa nikiijua tangu skuli kama unavyojua jina la mji mkuu wa nchi ya mbali. Nilipokuwa nakaza nyuzi masika ndipo nilipomhurumia yule bwana. Umejifunza ala kwenye hewa kavu ya Misri, umeshuka melini Unguja, Sultani anakusubiri na jamaa zake wote, na ngozi ya kanuni yako imelegea kama kaimati lililolala.

Kuta za chumba kile nazo zilikuwa zinatoka jasho masika ile ile. Nilikuwa naziona, kwani nilikaa nazo uso kwa uso masaa 2 kila Jumanne. Doa lilianza nyuma ya kiti cha mwisho, likapanda. Wiki nyingine likafika kwenye shubaka tunapoweka vikombe. Mtu anayekuja mara moja asingeliona. Angeona ukuta wa zamani tu, wenye madoa kama kuta zote za zamani. Mimi nililijua lile doa kama ninavyomjua mteja mwenye deni.

Lakini Bibi wa Chini ndiye aliyelalamika kwanza, na hakulalamikia ukuta.

Ilikuwa Alhamisi, nilipita kumchukua mpwa wangu. Darasa la kidumbak limepamba moto: ngoma mbili, cherewa, sanduku, mkwasa, na fidla moja inayojitahidi isifunikwe. Bibi akatokea mlangoni. Kanga yake kaifunga kifuani, mikononi kashika sufuria kwa matambara mawili. Watu wakanyamaza mmoja mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njooni mutazame mchuzi wangu."

Tukasogea. Juu ya tui kulikuwa na utando mweupe, na ndani yake vijipande kama mchele uliovunjika. Ilikuwa chokaa. Sakafu tuliyokuwa tunaipigia ngoma ndiyo dari ya jiko lake. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, halafu hupigwa mpaka inagandamana ikawa sakafu. Miaka mia na zaidi ikipita, penye udhaifu chokaa inageuka unga. Kila pigo la ngoma lilikuwa linautikisa ule unga, nao unachuja katikati ya boriti mpaka kwenye mchuzi wa pweza.

"Kelele hazinishughulishi," akasema. "Nimelala miaka 30 na redio ya marehemu mume wangu. Lakini Alhamisi nyinyi munanitilia chokaa, na mimi Alhamisi ndiyo siku ninayopata pweza."

Kuna wakati nadhani kile ndicho kikao cha maana zaidi cha uhifadhi kilichowahi kufanyika kwenye nyumba ile. Hakikuwa na ajenda wala maji ya chupa. Ngoma zikahamishiwa uani siku ile ile. Uani nako sauti inapanda kama kwenye kisima, darasa la khati lililokuwa na kipindi cha ziada ghorofani likapata herufi zenye mitetemo, lakini mchuzi ukasalimika. Sakafu tukaiacha kama ilivyo. Kulikuwa hakuna pesa.

Halafu zikaja tetesi za pesa, na hapa naingia mimi.

Tuliambiwa kuna wageni wanakuja kuangalia kama nyumba yetu inafaa kusaidiwa. Kamati ikataka chumba kipendeze. Nikanyoosha mkono. Ndiyo kazi yangu, nikasema, kwa nini tuhangaike? Nikaleta mifuko 6 ya saruji kwa bei ya kununulia na ndoo mbili za rangi ya plastiki, nikaleta na vijana wawili wanaonifanyia kazi. Wakabandua plasta iliyolegea, wakapiga saruji, wakapaka rangi ya maziwa. Siku 3. Chumba kikang'ara, nami nikapewa shukrani mbele ya watu, na Maalim akapiga bashrafu moja kwa heshima ya wageni. Wageni wakasifu, wakapiga picha, wakaondoka.

Masika iliyofuata ukuta wangu ukafura. Sitii chumvi kwenye hadithi: ulifura kama mkate wa kumimina, nyuma ya kiti kile kile cha mwisho. Rangi ikafanya malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji. Usiku mmoja, baina ya Jumatano na Alhamisi, pande la plasta kubwa kama mlango wa kabati likaanguka juu ya viti viwili vya darasa la fidla. Kimoja kilivunjika mguu. Masaa 12 kabla yake, mpwa wangu alikuwa amekikalia.

Kwa siku kadhaa sikwenda darasani. Nilisema nina mafua.

Aliyekuja kuutazama ukuta ni fundi mmoja mzee aliyeanza kazi ya chokaa tangu hajaota ndevu. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alivunja kipande cha saruji yangu, akakinusa, akauliza, "Nani kaleta hii?" Na watu wote, bila ya kupanga, wakaniangalia.

Akanieleza kama unavyomweleza mtoto, na sikukasirika, kwani nilistahili. Jiwe la tumbawe lina vitundu, linafyonza maji kama sifongo: kutoka chini kwenye ardhi, kutoka juu kwenye paa linalovuja, na kutoka kwenye hewa ya bahari pamoja na chumvi yake. Maji kuingia ukutani si ajabu. Hata nyumba mpya ya zamani, akasema, na hapo akacheka mwenyewe, ilikuwa inaingia maji. Dawa ni kuyaacha yatoke. Plasta ya chokaa ni laini, ina pumzi, unyevu unapita ndani yake ukaishia hewani. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na inaziba. Rangi ya plastiki inaziba zaidi. Maji yanakwama baina ya jiwe na saruji, chumvi inagandamana humo humo na kusukuma, na saruji kwa ugumu wake ikianguka inaanguka na uso wa jiwe.

"Na yale maji yasiyopata njia," akasema, "yanapanda kutafuta kwengine. Yakifika hapa juu?" Akanyanyua fimbo yake, akagusa pale boriti inapozama ukutani.

Kichwa cha boriti kimo ndani ya ukuta, hukioni. Kinaoza polepole, na wewe chini yake unafundisha watu ngazi za sauti, maqamu ya rasti.

Kilichofuata kiliamuliwa na Maalim, na sijui wangapi wangefikiri hivyo. Fundi alisema lazima kuta zote zipimwe kujua wapi plasta imeachana na jiwe na wapi imeshika bado, maana penye kushika usiguse. Kupima kwenyewe ni kugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Maalim akaketi dirishani mwake, akafikiri kidogo, akasema: "Hawa wote nimewafundisha kusikiliza. Wacha wafanye kazi."

Jumanne ile hatukupiga kanuni. Tulipanga mstari ukutani, watu 11, kila mmoja na kipande cha chaki, tunagonga. Palipo pazima panajibu kwa ufupi na ukavu, tk, tk. Palipoachana panatoa sauti ya chini yenye mwangwi, bu, kama dumbak iliyolegea. Baina ya hizo mbili kuna sauti za katikati nyingi kuliko nilivyotarajia. Tukabishana kwa kipande kimoja karibu robo saa. Fundi akaja, akagonga mara moja, akamuuliza mpwa wangu, "Wewe unasemaje?" Akasema pamelegea juu, chini pazima. Fundi akachora mstari wa chaki pale pale alipoonyesha yule mtoto. Mimi nilikuwa nimekosea sehemu zote mbili.

Sasa niseme jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani tangu siku ile.

Mji wetu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kabla ya hapo, tangu 1985, kuna mamlaka ya uhifadhi. Nyumba ni zaidi ya 1,700. Hakuna mamlaka duniani itakayoweza kugonga kuta za nyumba 1,700 kila masika. Anayeweza ni mtu anayekuja kila wiki kwa shughuli yake mwenyewe na kukaa na ukuta uso kwa uso. Ndiyo maana naona darasa linaifaa nyumba kongwe kuliko matumizi mengi tunayoyapigia debe. Mwanafunzi anarudi, tena anarudi kwenye kiti kile kile, na akirudi anaona doa limesogea.

Hoteli sizichukii. Hoteli inalipia paa, na paa lisilovuja ni nusu ya uhai wa nyumba. Zipo nyumba zingeshakuwa vifusi lau si hoteli. Ila mgeni analala siku 3, na akiona doa anaomba abadilishiwe chumba. Na watoto wa mtaani hawapandi tena ngazi zile.

Majengo ya mji huu yamezoea kubadilishwa kazi, hilo halina ubaya. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwaondoa Wareno, imekuwa gereza, ikawa mahali pa kazi za reli iliyokuwa ikienda Bububu, ikawa klabu ya mabibi, na sasa Sauti za Busara imekuwa ikijaza watu humo tangu 2004. Jengo la zamani la Forodha, pale Mizingani, ndipo alipotangazwa Sultani Hamoud mwaka 1896, baada ya vita vya Agosti 27 vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Miaka mia na kidogo baadaye, ghorofa zake zikawa skuli ya muziki ya Nchi za Majahazi, na kwa muda mrefu ukipita pale jioni kuelekea Forodhani ulikuwa unasikia mtu anarudia kipande kimoja cha fidla mara 20. Nilikipenda sana kile kipande kilichokosewa. Zahanati ya Kale, jirani na bandari, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan kwenye miaka ya 1880, ilitengenezwa upya miaka ya 1990 ikawa nyumba ya utamaduni, na mafundi wengi walijifunza chokaa na mbao kwenye kazi ile ile ya kuitengeneza. Fundi wetu anawataja baadhi yao kwa majina na kwa makosa yao.

Na ipo Nyumba ya Maajabu. Ijumaa ya Desemba 25, 2020, nilikuwa dukani mtu alipoingia kusema imeanguka. Nikamwambia acha mzaha. Jengo la Barghash la 1883, nguzo zake za chuma, mnara wa saa ambao tulikuwa tukipanga kukutana chini yake, upande mzima ulikuwa chini, na watu wawili waliokuwa kazini wamekufa. Ilikuwa inatengenezwa wakati huo huo. Jengo lile si la boriti kama letu na maradhi yake si ya kwetu, kwa hivyo sitodai kwamba mwanafunzi wa kanuni angeliokoa. Lakini tangu siku ile kila nikisikia neno "limefungwa kwa matengenezo" tumbo linanikata.

Turudi kwenye ukuta. Kutengeneza kulichukua miezi, kwa sababu chokaa haikimbizwi. Mawe yanachomwa kwenye tanuri la magogo, yakishaiva yanamwagiwa maji yanachemka yenyewe bila ya moto, halafu chokaa inalazwa shimoni ikomae. Mimi, mtu wa "leo umelipa, leo unabeba", nilikuwa nampigia Fundi simu kila wiki kumuuliza kama iko tayari. Mwishowe akaacha kupokea. Ilipokuwa tayari, akatia mchanga na udongo mwekundu kwa macho tu, bila ya kipimo, tukabandua saruji yangu yote kipande kwa kipande na kupiga plasta mpya. Haikung'ara. Ina rangi ya unga wa mtama na mawimbi ya mkono. Wageni wa zile pesa, kwa taarifa yenu, hawakurudi.

Bado nauza saruji. Kwa nyumba ya matofali ni kitu kizuri. Ila mteja akija akasema "naziba ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe", siku hizi namkalisha, namwagizia kahawa, na kuna wakati anaondoka bila ya kununua kitu. Mwenye duka hafurahi.

Chokaa ikabaki. Kidogo, lakini ikabaki, na Fundi akauliza tunataka kuifanyia nini. Kabla kamati haijatafuta kalamu, Maalim akasema, "Sakafu ya jiko la bibi." Kwetu sisi ni sakafu ya darasa, lakini yeye alisema hivyo hivyo, ya jiko la bibi.

Fundi akachagua kipande penye udhaifu mkubwa, upana wa mikeka miwili. Tukachimbua ule unga mpaka kwenye mawe, boriti zikagongwa moja moja, mbili zikaonekana zimeliwa, zikabadilishwa. Tukamwaga kokoto na chokaa. Kisha akatugawia vibao vyenye mipini. Sakafu ya kizamani lazima ipigwe, siku na siku, taratibu, mpaka maji yapande juu na chini pafungamane. Zamani, akatuhadithia, kupiga sakafu kulikuwa na nyimbo zake. Wanakusanywa watu, anakuja na mwenye kuimba, na nyimbo ndizo zinazofanya mapigo yawe sawa na watu wasichoke. Bila ya wimbo kila mtu anapiga lake, na sakafu inapata mabonde.

Hizo nyimbo zenyewe alikuwa anakumbuka mishororo miwili tu. Ya pili hakutaka kuiimba mbele ya mtoto.

Kwa hivyo tukapiga kwa tulichokuwa nacho. Maalim akapanda dirishani na kuanza kupiga kiganja. Watu 11, vibao 11, tumepiga magoti kwa safu, maana chumba hakiruhusu namna nyengine. Dakika ya kwanza tulikuwa kama mvua juu ya bati. Ya pili tukaanza kukutana. Ya tatu vijana wa kidumbak wakaingiwa na raha, wakaongeza kasi, mabega yakaanza kucheza, na mpwa wangu akatia pigo la katikati kama cherewa.

"Aa, aa! Simameni!" Fundi akanyanyua fimbo. "Hapa si harusini. Mukienda mbio inapasuka. Polepole, sote pamoja, na kibao kianguke chenyewe."

Tukaanza upya. Ndipo ikasikika kutoka chini fimbo ya ufagio inagonga dari, mara tatu. Vibao vikanyamaza. Nikakumbuka kuwa ni Alhamisi na kwamba hakuna aliyeshuka kumuarifu. Nikasogea kwenye ngazi nikainamisha kichwa, tayari na samahani mdomoni.

"Bibi! Tusamehe, tumesahau kukwambia!"

Kimya kidogo. Mlio wa mfuniko ukiwekwa juu ya sufuria.

"Nishafunika," akasema. "Haya pigeni. Na huyo wa mwisho kushoto anachelewa."

Wa mwisho kushoto nilikuwa mimi.